Zana Rahisi za Kidijitali Katika Darasa la Awali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa elimu ya awali nchini Tanzania, hasa wale wa shule za umma, ambako watoto ni wengi, umeme ni wa kubahatisha, na kifaa pekee cha kidijitali kinachoingia darasani ni simu ya mwalimu mwenyewe au kishikwambi cha aina ile iliyogawiwa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema ili msomaji ayapime majibu akiwa anaujua: kwa umri huu, kifaa hufanya kazi nzuri zaidi kikiwa mikononi mwa mwalimu, na sauti ina manufaa mengi kuliko kioo.

Zana rahisi za kidijitali ni zipi?

Ni kifaa chochote cha kawaida ambacho mwalimu anaweza kukitumia bila mafunzo marefu na bila kumsubiri fundi: simu janja ya bei nafuu, kishikwambi, spika ndogo ya kuchaji inayopokea flashi au kadi ya kumbukumbu, redio, na pale zinapopatikana, projekta na kompyuta mpakato ya shule. Ndani ya simu yenyewe, zana zinazotufaa zaidi ni zile ambazo watu hawazihesabu kuwa za elimu, yaani kinasa sauti, kamera, kipima muda na tochi. Tochi hiyo ikiwashwa nyuma ya shuka jeupe, madirisha yakiwa yamefungwa, inatosha kuendesha mchezo wa vivuli ambao watoto hawauchoki.

Je, si mapema mno kumpa mtoto wa miaka mitano vifaa hivi?

Inategemea maana ya "kumpa". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba muda huo ukipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unamtaka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kila siku, 60 kati yake zikiwa za kukimbia, kuruka na michezo mingine ya nguvu. Mtoto wa darasa la awali anaukaribia sana umri huo, na wengine wanaofuatana na kaka na dada zao shuleni bado wamo ndani yake, kwa hiyo ni busara kuuchukua mwongozo huo kuwa mpaka wa darasa zima.

Kwa hesabu hiyo, mwalimu anayechezesha sauti ya dakika moja kisha akawainua watoto waigize walichokisikia hajamnyima mtoto kitu. Anayewasha katuni ili apate nafasi ya kujaza rejista amewanyima, hata kama katuni yenyewe ina herufi na namba. Tunajua hali ya mwalimu mmoja mwenye watoto themanini na hatumlaumu anayefanya hivyo siku ambayo mambo yamemzidi, ila tunaomba lisihesabiwe kuwa somo.

Nina watoto zaidi ya sabini na simu moja. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ni la haki, kwa sababu uwiano uliowekwa wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 unabaki kwenye karatasi katika shule nyingi. Jibu ni kuacha kabisa wazo la kila mtoto kushika kifaa. Simu moja inayozungushwa kwa watoto sabini humfikia kila mmoja kwa sekunde chache, na muda wote uliobaki ni wa kugombana. Simu moja iliyounganishwa na spika huwafikia wote kwa wakati mmoja.

Chukua mfano wa mchezo wa sauti za mtaani, ambao unajaza kipindi kimoja cha dakika 20. Siku moja kabla, mwalimu ananasa sauti sita, kila moja ya sekunde kumi hivi: jogoo, mashine ya kusaga, bodaboda inapowashwa, maji yanayomiminwa kwenye ndoo, mchi unaotwanga, na adhana au kengele ya kanisa kutegemea kilicho jirani. Darasani watoto wanakaa mkekani kwa nusu duara. Spika inawekwa juu ya stuli na simu inafunikwa kwa kitenge, kwa sababu ikionekana, macho yote yataifuata na masikio yatalala. Mwalimu anachezesha sauti ya kwanza, na sharti ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kutaja jina. Kila mtoto anaonyesha kwa mwili wake kitu kinachotoa sauti ile. Darasa linaanza kutwanga, au linashika usukani wa pikipiki isiyokuwepo. Ndipo mtoto mmoja anaitwa ataje neno, na wote wanalipigia makofi silabi kwa silabi: jo-go-o, makofi matatu, m-chi, makofi mawili. Mtoto mwingine anahesabu vizibo vya soda vinavyolingana na idadi ya makofi na kuvipanga mbele ya wenzake.

Kifaa kimetumika kwa dakika moja tu kati ya zile ishirini. Katika kipindi hicho watoto wamesikiliza kwa makini, wamejongea, wametamka, wamegawa neno katika silabi na kuhesabu, mambo ambayo ni msingi wa kusoma na wa hisabati kwa pamoja. Siku nyingine sauti zilezile zinaweza kurudi kwa namna tofauti, kwa mfano kwa kuchezwa mbili mfululizo ili watoto waseme ipi imetangulia.

Kwa nini mnasisitiza sauti kuliko video?

Kwanza, kwa sababu za kawaida kabisa: sauti hula chaji kidogo, hutumia bando dogo, na haihitaji darasa zima lijikusanye mbele ya kioo cha inchi sita ambacho mtoto aliye nyuma hakioni. Pili, sauti humlazimisha mtoto ajenge picha kichwani mwake, na hapo ndipo lugha inapofanyishwa kazi.

Tatu, njia hii imeshatumika kwetu. Katika miaka ya 2000, Zanzibar iliendesha vipindi vya redio vya *Tucheze Tujifunze* kwa watoto wadogo, wakiwemo waliokuwa wakisomea katika vituo vya jamii vilivyokuwa mbali na shule. Vipindi vya aina hiyo, ambavyo asili yake ni ufundishaji wa hisabati kwa redio nchini Nicaragua katika miaka ya 1970, vina sifa moja ambayo kila mwalimu anapaswa kuiiga: msimulizi huuliza kisha hunyamaza, na ukimya huo ni nafasi ya watoto kujibu, kuimba au kusimama. Ukinasa hadithi yako mwenyewe, acha ukimya wa namna hiyo. Sema "Paukwa!" halafu subiri darasa liitikie "Pakawa!" kabla ya kuendelea.

Mwaliko wa bibi au babu wa mtaani aje kunaswa akisimulia ngano una thamani ya pekee hapa. Watoto wanaisikia lugha iliyokomaa, mzee anaheshimika, na shule inabaki na hazina ambayo haikununuliwa. Kwa mzee ambaye hawezi kufika shuleni, mwalimu amfuate nyumbani, amweleze matumizi ya sauti yake, na apate idhini yake kwanza.

Kamera ya simu inafaa kwa shughuli gani?

Kamera hufaa pale inaposhika jambo ambalo macho ya mtoto hayawezi kulishika kwa mara moja, na mfano ulio bora ni ukuaji wa mmea. Panda maharage kwenye kopo la plastiki angavu lenye pamba yenye unyevu, uliweke dirishani, na uchore kwa chaki mstari unaoonyesha mahali pa kopo na mahali pa kusimamia simu. Kila asubuhi mtoto mmoja, kwa zamu, anabonyeza kitufe cha kupiga picha akiwa amesimamiwa na mwalimu. Baada ya siku kumi, chagua picha nne zinazotofautiana waziwazi, uzichapishe kwenye duka la steshenari, kisha uzichanganye na uwape kikundi wazipange upya.

Wasikilize wanavyobishana. Mtoto atasema hii ni ya mwanzo kwa sababu mzizi haujatoka. Mwingine atasema hapana, ile, kwa sababu ganda halijapasuka. Maneno kama "kwanza", "kisha" na "mwishowe", ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa kukaririshwa, hapo yanatumika kwa sababu mtoto ana hoja ya kuitetea. Tunaona shughuli hii moja ina uzito kuliko programu nyingi za kulipia.

Shughuli nyingine ni kutafuta maumbo katika mazingira ya shule, ambapo watoto wanatembea na mwalimu na kumwelekeza apige picha kila wanapoona duara au mstatili, kuanzia gurudumu la baiskeli na kifuniko cha sufuria hadi dirisha na ubao. Kamera inaweza pia kumkuza sisimizi mpaka miguu yake ihesabike.

Je, kuna programu za Kiswahili zinazofaa umri huu?

Zipo, ingawa ni chache kuliko zile za Kiingereza. Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia ya programu hizi, kwa kuwa shindano la Global Learning XPRIZE lilifanyia majaribio yake mkoani Tanga kwa muda wa miezi 15, katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto waliokuwa nje ya shule na ambao walijifunza wenyewe kwa vishikwambi. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za washindani waliofika fainali zilitolewa huria, zikiwa na maudhui ya Kiswahili. Mwalimu anayezitumia akumbuke hata hivyo kwamba watoto wa Tanga walikuwa na umri wa kuanzia miaka saba, na kwamba hawakuwa na mwalimu. Mafanikio yao hayathibitishi kwamba mtoto wa miaka mitano mwenye mwalimu mbele yake ananufaika kwa kuachwa peke yake na kifaa.

Kwa hadithi, African Storybook hutoa bure vitabu vingi vyenye picha, vikiwemo vya Kiswahili, ambavyo vinaweza kupakuliwa na kusomwa bila intaneti. Mwalimu mwenye projekta anaweza kumulika kurasa ukutani. Asiye nayo anaweza kusomea watoto kumi kwa zamu huku wengine wakiwa kwenye kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zilizopangwa vifaa vya michezo. Kwa hali yoyote, soma wewe mwenyewe, simama katikati ya ukurasa na uulize nini kitafuata.

Tahadhari moja inahusu herufi. Programu nyingi za Kiingereza humfundisha mtoto majina ya herufi kwa matamshi ya Kiingereza na humfunga kwenye maneno kama *apple* na *ball*. Mtoto anayejifunza kwamba herufi ya kwanza hutamkwa "ei" atakwama atakapokutana na "a" ya "baba", na mwalimu wa darasa la kwanza ndiye atakayeibeba kazi ya kumfundua. Katika darasa linalofundishwa kwa Kiswahili, programu ya namna hiyo ni afadhali isiwekwe kabisa, hata kama ni ya bure na ina rangi za kuvutia.

Vipi kuhusu katuni za elimu?

Kipande kifupi chenye mahadhi ya kienyeji na lugha sanifu kinaweza kufungulia somo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam linatengeneza *Akili and Me* mahususi kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, na watoto wengi wanawajua wahusika wake kutoka kwenye televisheni za nyumbani. Chagua wimbo mmoja, uimbeni pamoja, zima, kisha uimbeni tena bila kifaa. Mara hiyo ya pili ndiyo ya kufundishia.

Shule yetu haina intaneti wala umeme wa uhakika. Je, tuache?

La. Karibu kila shughuli iliyotajwa hapa hufanyika nje ya mtandao. Pakua unachohitaji ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha ukiingia darasani uiweke simu katika hali ya ndegeni. Hatua hiyo moja huzuia simu kuita katikati ya hadithi, huzuia matangazo ndani ya programu, na huokoa chaji. Spika ndogo iliyochajiwa usiku, pamoja na powabenki au sola ndogo, hutosha kwa siku nzima ya matumizi ya dakika chache chache.

Zana hizi naziandikaje kwenye andalio la somo?

Ziandike kwenye safu ya zana za kufundishia na kujifunzia, pamoja na vizibo, kadi na mkeka, bila kuzipa kichwa chake. Umahiri unaojengwa ni uleule wa mtaala, uwe wa kuwasiliana, kutunza mazingira au stadi za awali za hisabati. Ukiona unaandika lengo la somo kuwa "watoto watumie kishikwambi", rudi nyuma na ujiulize walikuwa wakitumie kujifunza nini. Wenzetu wa Kenya wameuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umahiri wa msingi wa mtaala wao, ukiwemo wa PP1 na PP2, yaani madarasa yao mawili ya awali, lakini hata huko mtoto huujenga akiwa ndani ya shughuli nyingine.

Watoto wenye mahitaji maalumu wananufaikaje?

Hapa tunalegeza msimamo wetu wa kifaa kimoja mikononi mwa mwalimu. Mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kuhitaji kishikwambi karibu yake ili akuze picha ambayo wenzake wanaiona ukutani. Mtoto kiziwi hanufaiki na mchezo wa sauti kama ulivyoelezwa, isipokuwa spika iwekwe juu ya meza au sanduku la mbao ambapo ataweka viganja na kuhisi mtetemo, na maneno yaambatane na picha pamoja na ishara za Lugha ya Alama ya Tanzania. Video fupi ya mtu anayejua lugha hiyo vizuri, aliyerekodiwa akionyesha ishara za maneno ya somo, humsaidia mtoto na humsaidia mwalimu zaidi.

Kwa mtoto asiyezungumza mbele ya wengine, jaribu kumpa kinasa sauti pembeni akiwa na rafiki mmoja. Baadhi ya watoto ambao darasa linawaona kuwa bubu husimulia hadithi nzima kwenye simu.

Nihakikisheje usalama wa mtoto na wa maudhui?

Kama simu ni yako binafsi, kwanza ondoa kwenye albamu picha ambazo hungependa zionekane, maana mtoto hutelezesha kidole kuliko unavyodhani. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja, ambao hupatikana kwenye mipangilio ya usalama na humzuia mtoto kutoka kwenda kwingine bila namba ya siri. Kila video iangaliwe yote na mwalimu kabla ya watoto kuiona.

Hatari ya mwili isisahaulike. Vifaa vya kuchezea vyenye betri ndogo za kidonge visiingie darasani kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili, na akishukiwa kuimeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili. Vifaa visichajiwe watoto wakiwa ndani, na visitumike vikiwa vimepata moto.

Je, naweza kutuma picha za watoto kwenye kundi la WhatsApp la wazazi?

Usitume bila idhini ya mzazi au mlezi wa kila mtoto anayeonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia picha na sauti za watoto. Njia rahisi ni fomu fupi ya Kiswahili inayojazwa wakati wa uandikishaji mwezi Januari, inayotenganisha idhini ya kupiga picha kwa matumizi ya darasani na idhini ya kuisambaza. Mzazi anayekataa ya pili asiulizwe sababu. Kwa mambo ya kila siku, piga picha ya kazi ya mikono, mnara wa vizibo au mchoro, na uache uso wa mtoto.

Wazazi wengine wanalalamika na wengine wanadai kompyuta. Niwaambie nini?

Makundi haya mawili huwa na hofu inayofanana, kwamba mtoto wao atabaki nyuma. Waalike wote siku moja washiriki mchezo wa sauti wakiwa wamekaa mkekani na watoto. Anayelalamika ataona kwamba simu imefunikwa kwa kitenge. Anayedai kompyuta ataona mtoto wake akigawa neno katika silabi. Maneno ya kikao cha kamati ya shule hayajawahi kufanya kazi hiyo vizuri kuliko tendo.

Nitajuaje kama zana hizi zinasaidia?

Nasa sauti ya kila mtoto mwanzoni mwa muhula wa kwanza akielezea picha moja kwa muda wa dakika moja, na umnase tena akielezea picha ileile mwishoni mwa mwaka. Sikiliza urefu wa sentensi, maneno mapya, na kama anaeleza kisa chenye mwanzo na mwisho. Watoto sabini ni wengi, kwa hiyo nasa watano kwa siku wakati wa michezo ya kona, na ulipe kila faili jina ambalo wewe tu unalielewa. Rekodi hizo ni ushahidi ambao daftari lililojaa herufi zilizonakiliwa ubaoni haliwezi kuutoa, na zinamfaa sana mwalimu atakayempokea mtoto darasa la kwanza.

Shule ina fedha kidogo. Tununue nini kwanza?

Spika ya kuchaji yenye nafasi ya flashi, kisha kadi ya kumbukumbu, kisha powabenki au sola ndogo. Kasha gumu la kishikwambi lifuate, kwa sababu kubadilisha kioo kilichovunjika ni gharama kubwa kuliko kasha. Projekta ije mwisho kabisa, na tu ikiwa darasa lina mapazia na umeme wa kutegemewa. Kila kilichonunuliwa kiandikwe kwenye leja ya mali za shule kwa jina la darasa la awali, la sivyo mwezi wa mitihani spika itahamia ofisini na haitarudi. Funguo za kabati zishikwe na watu wawili, ili siku mwalimu mmoja akiugua watoto wasikose somo.